Fifth Avenue ni mtaa gani, na tanzanite ya Mererani ilifikaje huko?

Kila tunapozungumzia bei ya madini hewani, ujumbe wa wasikilizaji huja na swali lile lile: jiwe likitoka shimoni Mererani linauzwa kwa bei ya kawaida, mbona likifika Marekani linauzwa bei ya kujengea nyumba? Nani ameongeza hiyo bei, na ameiongeza vipi?

Ili kujibu swali hilo, tumeona tuanze mbali kidogo, kwenye mtaa mmoja wa jiji la New York unaoitwa Fifth Avenue, yaani Barabara ya Tano. Huo ni miongoni mwa mitaa ya maduka ghali kuliko yote duniani. Ndiko jina "tanzanite" lilikotoka. Ukielewa mtaa huo unavyofanya kazi, utaelewa pia sehemu ya safari ya jiwe ambayo mchimbaji wa Simanjiro haioni.

Mtaa wenyewe uko wapi?

Fifth Avenue uko Manhattan, kisiwa ambacho ndicho kitovu cha New York. Mwaka 1811 wakubwa wa jiji walichora ramani ya kisiwa hicho kama daftari la hesabu: barabara kubwa zinakwenda kaskazini na kusini, barabara ndogo zinazikata kutoka mashariki kwenda magharibi, na nyingi zikapewa namba badala ya majina. Ndiyo maana mtu akikuambia duka liko Fifth Avenue kona ya Barabara ya 57, hata mgeni anafika bila kuuliza njia.

Mtaa huu una urefu wa karibu kilomita 10. Unaanzia bustani ya Washington Square upande wa kusini na kwenda mpaka Mto Harlem upande wa kaskazini. Si wote ni wa matajiri. Ukienda kaskazini unapita kando ya bustani kubwa ya Central Park, unapita makumbusho, kisha unaingia Harlem, eneo lenye historia ndefu ya Wamarekani Weusi. Kwenye sehemu hiyo ya kaskazini ndiko wanakopita wanariadha wa mbio za marathoni za New York. Mkenya Ibrahim Hussein alishinda mbio hizo mwaka 1987, Mtanzania Juma Ikangaa mwaka 1989, na Mkenya Tegla Loroupe akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kuzishinda mwaka 1994.

Maduka ya kifahari yamebanana kati ya Barabara ya 49 na ya 60. Umbali huo haufiki hata kilomita moja. Humo kuna duka kubwa la Saks, lililofunguliwa mwaka 1924, jirani na kanisa kuu la Mtakatifu Patrick. Kuna Cartier kwenye kona ya Barabara ya 52, Tiffany kwenye kona ya 57, Bergdorf Goodman karibu na 58, na duka la Apple lenye mlango wa kioo uliojengwa kama sanduku, lililofunguliwa mwaka 2006.

Ulianzaje kuwa mtaa wa matajiri?

Mwanzoni haukuwa mtaa wa maduka. Katika karne ya 19 ulikuwa mtaa wa nyumba za kuishi. Familia za matajiri wakubwa, kama akina Astor na akina Vanderbilt, walijenga majumba yao hapo. Jiji lilipokua, hoteli zikaja, na nyuma ya hoteli wakaja wafanyabiashara, kwa sababu walitaka kuwa karibu na wateja wenye fedha. Duka la B. Altman lilihamia hapo mwaka 1906, na Lord & Taylor likafuata mwaka 1914.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Cartier. Mwaka 1917 sonara huyo kutoka Ufaransa alipata jumba kwenye kona ya Barabara ya 52 kwa mabadilishano: alimpa mwenye nyumba dola 100 taslimu pamoja na mkufu wa nyuzi mbili za lulu uliokuwa na thamani ya dola milioni moja. Mke wa mwenye nyumba ndiye aliyeupenda mkufu huo. Cartier yumo ndani ya jumba hilo mpaka leo.

Hapo kuna somo la biashara. Wakati ule lulu za asili zilikuwa ghali kwa sababu zilikuwa adimu. Nyingi zilitoka Ghuba ya Uajemi, ambako wapiga mbizi walishuka baharini kwa pumzi zao wenyewe, na miongoni mwao walikuwemo watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki. Baadaye Wajapani waligundua namna ya kufuga chaza ili watengeneze lulu kwa wingi, na bei ikaanguka. Mkufu ule ulipouzwa mnadani mwaka 1957 haukufikisha dola 200,000. Nyumba ilibaki na thamani yake ikazidi kupanda. Aliyeshika lulu alipoteza, aliyeshika kiwanja alipata.

Ufahari hulindwa kwa sheria

Usidhani mtaa kama huu hukaa safi na wa kuvutia kwa bahati. Mwaka 1907 wenye maduka na majengo waliunda chama chao. Walichokihofia zaidi ni viwanda vya kushona nguo vilivyokuwa vinasogea karibu. Mafundi, wengi wao wahamiaji maskini, walijaa kando ya barabara wakati wa chakula cha mchana, na wenye maduka wakasema wateja wao wanakimbia. Kampeni yao ilichangia kupatikana kwa sheria ya mipango miji ya mwaka 1916, iliyoamua ni biashara gani ikae wapi na majengo yawe ya umbo gani.

Katika miaka ya 1980 historia ilijirudia kwa sura nyingine. Wachuuzi kutoka Senegal, ambao sisi tungewaita wamachinga, walipanga bidhaa zao kandokando ya mtaa huo. Wenye maduka wakalalamika, na jiji likawaondoa. Kwa hiyo mjadala wa nani ana haki ya kuuza mbele ya nani, ambao tunausikia Kariakoo na Gikomba, haujaanzia kwetu.

Kodi ya pango ni kiasi gani?

Hapa ndipo wengi hushika kichwa. Kampuni ya Cushman & Wakefield, inayofuatilia kodi za mitaa ya maduka duniani, iliitaja sehemu hii ya Fifth Avenue mwaka 2023 kuwa ghali kuliko zote: dola 2,000 kwa mwaka kwa kila futi moja ya mraba. Mwaka 2024 mtaa wa Via Montenapoleone wa jiji la Milan, Italia, uliipita kidogo.

Futi moja ya mraba ni kama kigae kimoja cha sakafu chenye upande wa sentimita 30. Sasa chukua kibanda cha kawaida cha futi 10 kwa 10, kama cha wakala wa kutuma na kupokea pesa. Hicho kina futi za mraba 100. Kwa bei hiyo, kodi yake ingekuwa dola 200,000 kwa mwaka. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, hiyo ni shilingi milioni 500. Na maduka ya pale si vibanda. Mengine ni jengo zima la ghorofa kadhaa.

Kampuni nyingine zimeona kuliko kulipa kodi ni afadhali kununua jengo. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Kering ya Ufaransa, inayomiliki Gucci, ilitangaza kununua eneo la maduka kwenye kona ya Barabara ya 56 kwa dola milioni 963.

Je, duka linarudisha gharama hiyo kwa mauzo? Si lazima. Kwa kampuni kubwa, duka la Fifth Avenue ni tangazo. Watalii hupita mbele ya vioo, hupiga picha, huenda kwao na kununua bidhaa ya kampuni hiyo hiyo Tokyo, Dubai au Johannesburg. Kodi ya pango inahesabiwa pamoja na gharama za matangazo.

Hata hivyo, mtaa ghali hauna kinga. Duka la B. Altman lilifungwa mwaka 1989. Lord & Taylor, baada ya zaidi ya miaka 100 pale pale, lilifunga milango mwanzoni mwa 2019, na mwaka uliofuata jengo lake likanunuliwa na Amazon, kampuni inayouza bidhaa kupitia intaneti.

Wanauza nini hasa?

Ukiingia duka la kifahari hulipi kiingilio, na hakuna anayekulazimisha kununua. Vitu havirundikwi. Mkoba mmoja unaweza kuwekwa peke yake kwenye rafu yenye taa, kana kwamba ni yai la mwisho kwenye kiota. Mara nyingi bei haionekani mpaka uulize. Mhudumu anakuonyesha kitu kimoja kimoja, kwa glovu, bila haraka. Yote hayo yanamwambia mteja jambo moja: kitu hiki ni adimu, na wewe unayekinunua si mtu wa kawaida.

Tiffany ni mfano mzuri. Kampuni hiyo ilianzishwa New York mwaka 1837, na duka lake kuu limekuwa kona ya Fifth Avenue na Barabara ya 57 tangu 1940. Vito vyake huwekwa kwenye kisanduku cha rangi ya bluu iliyopauka, na rangi hiyo imesajiliwa kisheria kama alama ya biashara tangu 1998. Hebu fikiria: hata rangi ya boksi ni mali. Mwaka 1961 ilitoka filamu iliyobeba jina la duka hilo, ikimwonyesha mwigizaji Audrey Hepburn amesimama mbele ya vioo vyake, na jina likasambaa dunia nzima. Kampuni ya LVMH ya Ufaransa ilipoinunua Tiffany mwezi Januari 2021, ililipa karibu dola bilioni 16. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haikuwa ya dhahabu na almasi zilizomo kwenye makabati. Ilikuwa ya jina.

Tanzanite ilifikaje huko?

Jiwe hili liligunduliwa Mererani mwaka 1967. Kuhusu nani aliliona kwanza, majina zaidi ya moja hutajwa. Manuel d'Souza, mtafuta madini aliyekuwa akiishi Arusha, alisajili maeneo ya uchimbaji mwaka huo. Serikali ya Tanzania inamtambua Mzee Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi, na mwaka 2018 Rais John Magufuli alimkabidhi shilingi milioni 100 kwa mchango wake.

Kitaalamu jiwe ni aina ya bluu ya madini yaitwayo zoisaiti. Sampuli zilipofika New York, Henry Platt, mmoja wa wakuu wa Tiffany, aliona uzuri wake, lakini jina hakulipenda. Inaelezwa kwamba kwa sikio la Mwingereza au Mmarekani, "zoisaiti ya bluu" ilikaribia kusikika kama neno la kujiua. Nani angemvisha mchumba wake pete yenye jina hilo? Platt akachagua jina "tanzanite", kwa heshima ya nchi lilikotoka. Mwaka 1968 Tiffany ikalitangaza kwa kishindo, ikisema linapatikana sehemu mbili tu: Tanzania na dukani kwao.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa kinachofanana. Jiwe la kijani linaloitwa tsavorite lilipewa jina hilo mwaka 1974, kutokana na hifadhi ya Tsavo, na Tiffany hiyo hiyo ndiyo iliyolitangaza.

Angalia kilichotokea. Jiwe lilikuwa lile lile, rangi ile ile, kutoka shimo lile lile. Kilichoongezwa New York ni jina, tangazo na kioo cha dukani. Na jina hilo, tofauti na majina mengi ya kibiashara, limebeba jina la nchi yetu kila linapotamkwa. Mwaka 2002 wafanyabiashara wa vito wa Marekani waliongeza tanzanite kwenye orodha ya mawe ya watu waliozaliwa mwezi Desemba, na hivyo kuifungulia soko la zawadi la kila mwaka.

Siku jina lilipochafuka

Kama jina linaweza kupandisha bei, linaweza pia kuishusha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, gazeti moja kubwa la New York liliandika mwezi Novemba mwaka huo kwamba biashara ya tanzanite ilihusishwa na mtandao wa Al-Qaeda. Tiffany iliacha kuuza jiwe hilo, na wauzaji wengine wakafuata. Soko la Marekani, ambalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote kwa tanzanite, likayumba.

Fikiria mwanaapolo aliyekuwa mita mia kadhaa chini ya ardhi wakati huo. Hajabadilisha kitu katika kazi yake. Anachimba jiwe zuri kama la jana. Lakini mnunuzi hayupo, kwa sababu ya habari iliyoandikwa maelfu ya kilomita kutoka Simanjiro. Mwezi Februari 2002, kwenye maonyesho ya vito ya Tucson, Marekani, maofisa wa serikali ya nchi hiyo walisema hawana ushahidi kwamba magaidi walikuwa wananufaika na biashara hiyo wakati huo. Wafanyabiashara na Tanzania wakakubaliana utaratibu wa kufuatilia jiwe kuanzia mgodini. Ndipo soko likaanza kurudi.

Tangu hapo karatasi inayoonyesha jiwe limetoka wapi imekuwa sehemu ya thamani ya jiwe. Mwaka 2018 Tanzania ilikamilisha ukuta wa takriban kilomita 24 kuzunguka machimbo ya Mererani ili kuzuia utoroshaji.

Bei inaongezeka wapi njiani?

Turudi kwenye swali la wasikilizaji. Kutoka shimoni mpaka kwenye kisanduku cha bluu, jiwe hupita mikono mingi.

Kwanza ni mchimbaji na mwenye kitalu, wanaobeba gharama za baruti, chakula, mafuta na hatari ya maisha, mara nyingi kwa miezi bila kupata kitu. Kisha dalali, anayeunganisha muuzaji na mnunuzi. Kisha serikali: kwa sheria ya sasa, mrabaha wa vito ghafi ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1.

Kisha jiwe huchomwa. Mawe mengi ya tanzanite hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, na moto wa nyuzi joto 500 au zaidi ndio huyageuza kuwa ya bluu na zambarau. Baada ya hapo hukatwa na kung'arishwa, kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanyika zaidi Jaipur, India. Kwenye kukata, sehemu kubwa ya uzito hupotea, lakini kila karati inayobaki, yaani sehemu moja ya tano ya gramu, huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Ndipo linapofika kwa sonara, linawekwa kwenye dhahabu, na mwisho dukani.

Chukua mfano wa Saniniu Laizer, mchimbaji wa Simanjiro. Mwezi Juni 2020 aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa pamoja, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Ukigawanya, ni kama shilingi nusu milioni kwa gramu moja ya jiwe ghafi. Alipata malipo hayo kwa sababu mawe yalipimwa kwa mizani ya serikali na kuthaminiwa hadharani.

Hata kule New York, bei si moja. Kwenye Barabara ya 47, hatua chache kutoka Fifth Avenue, kuna mtaa wa wafanyabiashara wa vito waliobanana kama soko la mitumba, wanabishana bei siku nzima. Jiwe la ubora ule ule linaweza kuuzwa pale kwa bei ya chini kuliko kwenye duka lenye jina kubwa. Mteja wa duka kubwa analipia pia kodi ya pango, kisanduku, matangazo na uhakika kwamba hakutapeliwa.

Wewe uliyeko kijijini unachukua nini hapa?

Si kila mtu atafungua duka New York. Lakini hatua za kwanza za kuongeza thamani ziko karibu. Tanzania ilizuia mwaka 2010 kusafirisha nje tanzanite ghafi inayozidi gramu moja, ili kazi ya kukata ibaki nchini, na Arusha kuna mafunzo ya ukataji vito. Kijana anayejua kukata jiwe anauza ujuzi pamoja na jiwe.

Kama unachimba au unanunua, uza kwenye soko la madini lililo rasmi. Masoko hayo yamekuwepo mikoani tangu 2019. Shuhudia mizani, soma uzito mwenyewe, dai risiti na uitunze. Risiti hiyo ni ushahidi wako kwamba jiwe ni halali, na uhalali ni sehemu ya bei.

Na ukipokea ujumbe kwenye simu kwamba kuna tajiri wa New York anataka jiwe lako, ila utangulize ada ya usafirishaji au ya kibali, usitume hata senti. Mnunuzi wa kweli hulipa muuzaji, hamtozi. Mpigie kwanza ofisa madini wa mkoa wako au nenda sokoni ukaulize.

Anayeuza kahawa ya Mbinga, karafuu ya Pemba au asali ya Tabora ana jambo la kujifunza hapa pia. Ukiuza kwenye gunia lisilo na jina, jina ataliweka mwingine, na bei ya jina ataichukua yeye. Tanzanite ilipewa jina na mgeni, na kwa bahati njema jina hilo ni letu. Kwa mazao mengine, kazi ya kuyapa jina bado inatusubiri sisi.